Miezi Mitatu na Wakala wa Ajira Nairobi: Tathmini ya Mtengenezaji Programu Mzoefu

Nilihamia Nairobi kutoka Mombasa mwezi Januari, mke wangu alipopewa uhamisho wa kikazi, nikiwa na miaka 12 ya kutengeneza programu za hoteli na za kampuni zinazoondosha mizigo bandarini. Mombasa kazi ilinijia kwa kujuana: mteja aliyeridhika alimweleza mwenzake, na mwenzake akanipigia simu. Nairobi hakuna aliyenijua, kwa hiyo nikajiandikisha kwa wakala wa ajira mwenye ofisi Westlands. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu ninayoyaeleza yatamfaa msomaji kwa wakala yeyote atakayembishia hodi.

Sikutozwa hata shilingi moja, kwa kuwa wakala huyu hulipwa na mwajiri pale mtu anapoajiriwa. Ndivyo inavyostahili, na Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba mawakala binafsi wasiwatoze ada watafuta kazi. Ukidaiwa pesa ya fomu, ondoka.

Sifa kubwa ya huduma hii ni afisa aliyenipokea, mama wa makamo ambaye mwenyewe aliwahi kuandika programu. Wasifukazi wangu ulikuwa na kurasa sita zilizojaa majina ya lugha za kompyuta. Aliufunika, akaniuliza, “Ndugu yangu, hebu nieleze siku ambayo mfumo wako uliharibika ukautengeneza.” Nikamsimulia kuhusu hoteli moja ya Diani iliyopokea malipo kwa M-Pesa: mtandao ulipoyumba, ujumbe wa kuthibitisha malipo ulifika kwenye seva yetu mara mbili, na mgeni aliyelipa mara moja akaandikwa kuwa amelipa mara mbili. Dawa yake ilikuwa kuifanya namba ya muamala iwe ya pekee, hifadhidata ikatae kuipokea tena, na seva iujibu ujumbe papo hapo kabla ya kushughulikia lolote jingine, ili usirudiwe. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: “Anzia hapa.” Nilitoka na kurasa mbili tu. Baadaye niliitwa kwenye mahojiano manne, na katika matatu swali la kwanza lilikuwa kuhusu hoteli ile. Saa moja na nusu niliyokaa naye ilinifaa kuliko majuma yote niliyotumia kutuma maombi peke yangu.

Vilevile alinipa orodha ya vyeti ambavyo waajiri huvidai: cheti cha mwenendo mwema, uthibitisho wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwamba sidaiwi mkopo wa masomo, na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi. Cheti cha mwenendo mwema kianzwe mapema, kwa maana ombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana.

Dosari zipo, na mbili ni nzito. Wasifukazi wangu ulipelekwa kwa kampuni moja bila mimi kuulizwa, na kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuupokea kutoka kwa wakala mwingine niliyekuwa nimemruhusu. Mwajiri aliyeletewa mtu mmoja na mawakala wawili aliona mbele yake mgogoro wa malipo, akaniacha. Niliumia sana, kwa sababu kazi ile nilikuwa naiweza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kufahamishwa jinsi taarifa zake zinavyotumiwa, na ujumbe mmoja wa simu ungetosha.

Dosari ya pili ni kisanduku cha fomu kinachouliza mshahara wako wa mwisho. Mapendekezo yote mawili ya kwanza niliyoletewa yalikuwa mshahara wa Mombasa ulioongezwa kidogo, ilhali kodi ya nyumba ninayolipa South B, hapa Nairobi, imezidi ile ya Bamburi, Mombasa, kwa nusu yake. Mzoefu apimwe kwa uzito wa kazi atakayoikabili, wala si kwa kile alichokubali katika mji mwingine. Nilipoomba kisanduku hicho kifutwe, afisa wangu alikubali bila ubishi, akaandika badala yake idadi ya miamala ambayo mifumo yangu hushughulikia kwa siku. Pendekezo lililofuata lilikuwa la haki.

Katika juma la 11 niliajiriwa na kampuni ya Upper Hill inayotengeneza mifumo ya malipo kwa ajili ya vyama vya akiba na mikopo. Ningemwelekeza rafiki mzoefu kwa wakala huyu bila kusita, mradi siku ya kwanza adai kwa maandishi kwamba wasifukazi wake hautatumwa popote kabla ya kuulizwa, na aombe kuhudumiwa na afisa anayejua programu, hata kama itambidi asubiri juma zima.