Praima ya "Metali Zote": Tumeivuta kwa Tepu

Karibuni tena wadau. Leo salamu fupi, kwa sababu nimekasirika, na kilichonikasirisha nimekishika mkononi: kopo la praima, ile rangi ya kwanza inayopakwa chini ya rangi yenyewe. Someni wenyewe hapo mbele ya kopo: praima ya metali zote. Chini yake wameorodhesha: chuma, bati, alumini, rangi ya zamani. Habari za inakauka saa ngapi na ichanganywe vipi siziingii, lebo inayo, na aliyewahi kushika brashi anazijua. Mimi nina ugomvi na neno moja tu hapo. Hilo neno "zote".

Mezani nina vipande vitatu: chuma cheusi, bati lenye zinki, na kipande cha geti la zamani lililokwisha kupakwa rangi. Chuma cheusi tukimalize haraka, maana hapo kopo halijadanganya. Ukikwangua lile ganda la bluu-nyeusi linalokuja na chuma kipya kutoka kiwandani, ukafuta mafuta, ukapaka siku hiyohiyo, inashika vizuri. Ganda lile mkiliacha, lenyewe litakuja kubanduka na rangi yote iliyo juu yake, hata praima iwe ya namna gani. Basi, chuma kimepita.

Sasa njooni kwenye bati. Sogeza kamera hapa, hapa kabisa. Kipande hiki nilikipaka miezi minane iliyopita, tabaka mbili. Sikulipua: nilikiosha kwa sabuni, nikakisuuza, nikakipitishia msasa, nikakikausha. Kisha nikakiweka nje kipigwe mvua na jua. Kwa macho ni kizima, sivyo? Hakuna kutu, hakuna ufa. Wiki ile ya kwanza nilikivuta kwa tepu na hakikutoka kitu. Ningerekodi siku ile, ningewaambia mnunue. Na hili linaniudhi sana kwenye chaneli nyingi za kazi hizi: mtu anapaka leo, kesho anasifia, watu wanatoa hela zao kwa ushahidi wa siku moja.

Angalieni. Kisu kikali, si kile kilichokwisha makali. Nachora mistari sita, milimita mbili kutoka mstari hadi mstari. Kisu kifike kwenye bati lenyewe, lazima uone mng'ao wa bati ndani ya mchoro. Sasa mistari mingine sita inayokatiza ile ya kwanza. Tumepata vimraba 25. Nafuta vumbi kwa brashi laini. Nabandika tepu, nasugua kwa kidole mpaka imekaa kabisa, sitaki hewa chini yake. Naikunja pembe ya digrii 60 hivi, na ninaivuta mara moja, bila kusitasita.

Mmeisikia sauti hiyo? Rudia, rudia hiyo picha. Vimraba vyote vimehamia kwenye tepu, na pembeni utando umefuata kama ngozi ya maziwa. Bati limebaki jeupe kama sijawahi kulipaka. Katika ISO 2409, kipimo cha kimataifa cha jinsi rangi inavyoshika, hili ni daraja la 5, mwisho wa ubaya. Daraja 0 ndiyo rangi iliyoshika bila kutoka hata chembe. Na mjihadhari hapa, kwa sababu kipimo cha Marekani, ASTM D3359, kinahesabu kinyume: 5B ndiyo nzuri kabisa na 0B ndiyo mbaya. Mkiona "5" kwenye karatasi ya bidhaa, kwanza ulizeni ni 5 ya kipimo kipi.

Sasa subirini, msiondoke, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Nageuza utando huu. Upande uliokuwa umelalia bati ninaugusa kwa kidole, una utelezi kidogo. Kwa nini? Nageuza kopo. Nyuma, kwa maandishi ambayo nimelazimika kuyawashia tochi, wameandika: alkidi. Alkidi ni familia ya rangi ya mafuta. Zinki iliyo juu ya bati, ikipata unyevu, inatengeneza hali ya kialkali palepale chini ya rangi. Na mafuta ukiyakutanisha na alkali unapata nini? Muulizeni yeyote anayepika sabuni kwa mafuta na kostiki. Ndicho kinachotokea hapo chini, polepole, mwezi baada ya mwezi: praima inageuka sabuni. Ndiyo maana msasa haukuokoa kitu. Mikwaruzo ya msasa inasaidia rangi kung'ang'ania, lakini haizuii mafuta kukutana na zinki.

Na jambo hili si siri. Waliotengeneza kopo wanajua ndani mna alkidi, wameandika wenyewe. Halafu mbele wakaandika bati. Kampuni siitaji, sitaki video igeuke ya kampuni moja, maana makopo yenye ahadi hii ni mengi. Lakini ninawaomba kwa dhati, kabla ya kulipia praima ya kupaka bati lenye zinki, geuzeni kopo mtafute neno "alkidi". Mkiliona, kopo lirudisheni.

Kipande cha jirani yake hiki, bati lilelile, siku ileile, kimepakwa praima ya akriliki ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Nachora, nabandika, navuta... Kwenye kona mbili tatu za vimraba vimetoka vipunje, basi. Daraja la 1. Epoksi ya makopo mawili, ile unayochanganya kopo moja na jingine ndipo igande, nayo inafaa hapa. Ile praima ya asidi ya fosforiki, inayong'ata zinki na alumini, inafaa pia, ila ni nyembamba sana, haizuii maji yenyewe, kwa hiyo usiiache nje bila kuifunika. Na usiweke epoksi juu yake mpaka karatasi ya watengenezaji iseme inaruhusiwa, kwa sababu ile asidi inaweza kuizuia epoksi isigande sawasawa.

Najua kuna wanaoandika sasa hivi hapo chini: "Si utumie red-oksaidi tu, ile nyekundu ya siku zote?" Ndugu zangu, ile nyekundu nayo nyingi ni alkidi. Na kuna jambo kuhusu wekundu wake ambalo watu wanachanganya. Zamani praima nyekundu ya chuma ilikuwa ya risasi, ile metali yenye sumu, iliitwa risasi nyekundu. Daraja la Golden Gate kule San Francisco, lililofunguliwa 1937, lilipakwa praima hiyo. Ilizuia kutu kweli, na ilikuwa sumu kweli. Baadaye rangi ile ilivuliwa na chuma kikapewa praima ya zinki silikati, kazi iliyoendelea hadi 1995. Wekundu wa kopo la leo ni oksaidi ya chuma, yaani kwa asili ni ndugu wa kutu yenyewe. Inajaza na kufunika vizuri, lakini haipigani na kutu kwa kemia kama ile ya risasi. Ukitaka praima ya chuma yenye kupigana, tafuta kwenye lebo zinki fosfati. Rangi ya kopo iwe nyekundu, iwe kijivu, haikuambii kitu.

Na zinki fosfati si ile praima ya unga wa zinki. Ile ya unga wa zinki inajitoa mhanga, zinki inaliwa badala ya chuma, kwa hiyo lazima iguse chuma kitupu kilichosafishwa kikamilifu. Kuna aliyeniandikia kwamba ameipaka juu ya rangi ya zamani. Hapo zinki haigusi chuma, na hela yake yote imelala juu ya rangi bila kazi.

Haya, rangi ya zamani. Kipande cha geti. Hapa nilikuja nimejiandaa kulilaumu kopo tena, na nawaambia ukweli, limenishinda. Limefanya kazi nzuri. Lakini tazameni nilichofanya kabla ya kulifungua.

Kwanza niliivuta kwa tepu rangi ya zamani yenyewe. Chora, bandika, vuta, vilevile. Kama ya zamani inatoka, praima mpya itashika kitu kinachoondoka, na vitaondoka pamoja. Hapo ni kukwangua. Pili, kitambaa chenye tina kali, yaani kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, nikakibana kwenye kona isiyoonekana kama dakika moja. Rangi ikilainika au ikikunjamana, usiipake juu yake kitu chenye tina ya aina hiyo, utaona sura nzima ya geti inakunjamana mbele ya macho yako. Epoksi nyingi zina tina kali, ndiyo maana napenda epoksi kwenye chuma kitupu na ninaiogopa juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Ya kopo hili ni ya tina nyepesi. Imetulia kabisa, haijainua kitu.

Kisha osha mafuta KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Mwagia maji uone: yakitandaa kama kioo pako safi, yakijikusanya matone bado kuna mafuta. Halafu msasa namba 180 mpaka mng'ao wote ufe, na pale rangi ilipobanduka, kingo zake zisage zishuke taratibu mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi. Namba 80 anza nayo kwenye kingo hizo, kisha 120, ndipo 180.

Na rangi kama ni ya nyumba ya zamani, simama kwanza. Huenda ina risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi majumbani 1978, kwingine ilichelewa zaidi. Usisage kavu, lowesha, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na watoto wasiwe karibu. Kwa hili sina utani hata kidogo.

Navuta kipande cha geti sasa. Oneni... hakuna. Daraja 0. Kwa kazi hii kopo hili ningelinunua tena, na nimefika hapa nikiwa nimekasirika, mmeona wenyewe.

Kuhusu bei, msilinganishe kopo kwa kopo. Tafuteni asilimia ya yabisi kwa ujazo, yaani kinachobaki tina ikishapaa. Zidisha kwa 10, gawa kwa unene mkavu unaoutaka kwa mikroni (mikroni 1,000 ni milimita moja), unapata mita za mraba kwa lita. Yenye asilimia 50, ukitaka mikroni 50, inafika mita 10. Yenye asilimia 35 inafika 7. Ile ya bei ya chini mara nyingi ni ya 35, na wengi wanainyoosha hadi mita 10 hizohizo, wanaacha utando mwembamba, kisha wanalaumu mvua.

Jambo la chaneli: video ya mashine ya kupulizia imesogea wiki moja, kwa sababu nataka kwanza niione inavyofanya kazi kwenye kingo za vyuma. Rangi inakimbia kwenye kingo kali, na mimi kingo na mishono ya kuchomelea huwa nazipitishia brashi kwanza peke yake, ndipo napaka sehemu nzima. Nataka kujua mashine inaweza kufika pale au brashi bado haina mbadala.

Kopo lililobaki linaenda lote kwenye geti, na tabaka ya juu naiweka kesho, kwa sababu praima ikiachwa wazi inapitisha maji. Kona moja tu ya chini naiacha bila tabaka ya juu, nimeizungushia tepu ya bluu, mnaiona. Baada ya miezi minane tutachora hapo na hapa pembeni yake, tuvute zote mbili kwa siku moja, mbele ya kamera hii.