OpenFOAM kwa kuchemsha maji kwenye vifereji vidogo: inafaa, ila chunga utando

Nimeitumia OpenFOAM, programu ya kukokotoa mtiririko wa maji na gesi, karibu mwaka kusimuleti maji yanavyochemka kwenye kifereji cha nusu milimita, vile vya kupoozea chipu za kompyuta, na kwa kweli naikubali sana. Ni bure, msimbo wake wa C++ uko wazi tangu 2004, huombi leseni kwa mtu. Angalia tu unachodaunlodi maana ziko mbili, ya OpenFOAM Foundation na ya kampuni ya ESI, solva (vile viprogramu vya ndani vinavyokokotoa) hazifanani, mfano interIsoFoam ipo kwenye ya ESI.

Sasa kuchemka kwenyewe. Humo ndani kiputo kinajaa kifereji chote kinakuwa kama soseji, kati yake na ukuta unabaki utando wa maji mwembamba mno, maikroni 10 au 15 hivi, na joto kubwa linapita hapo hapo, kwa hiyo meshi yako (ule wavu wa vichumba vya kukokotolea) ikiwa ya maikroni 10 utando mzima unaingia kwenye kichumba kimoja na nusu, hapo jibu lolote utakalopata ni bahati tu. Mimi napanga vichumba visivyopungua vitano kwenye utando, navibana ukutani, katikati naviacha vipana. Stepu ya muda nayo inashuka mpaka maikrosekunde, ukiwa na laptopu ya kawaida anza na 2D.

Kingine ni mvutano wa uso, ile nguvu inayokaza ngozi ya maji. Weka kiputo kimetulia, bila graviti, bila joto, halafu angalia kasi: ilitakiwa sifuri lakini kwa solva ya interFoam utaona vimikondo vinazunguka mpakani mwa maji na mvuke, vya uongo kabisa, na kifereji kikizidi kuwa kidogo ndo vinazidi kusumbua. Kwa hiyo hili jaribio lifanye kabla ya kuwasha joto, usiliruke.

Kwenye solva ya interCondensatingEvaporatingFoam kuna coeffE na coeffC, namba za kuweka kasi ya uvukizi na utoneshaji. Jamani msikopi namba kwenye pepa ya mtu! Kwa modeli ya Lee, fomula ya kukadiria kasi hiyo, watu wametumia kuanzia 0.1 hadi milioni 10 kwa sekunde, kila mmoja na kesi yake. Mi yangu nilizipima kwa tatizo la Stefan, mvuke unakua kutoka ukuta wa moto na unene wake unafuata kipeuo cha pili cha muda, jibu lake lipo kwa kalamu na karatasi, nikazirekebisha mpaka mistari miwili, wa simulesheni na wa karatasi, ikalaliana ndo nikarudi kwenye kifereji.

Nyota 4 kati ya 5.