Usuluhishi wa malezi kwa video, London na Dar: nyota nne

Huduma hii huwasaidia wazazi waliotengana, mmoja London na mwingine Dar, kupatana juu ya mtoto wao; nimeitumia nikiwa wakili wa mzazi aliyeko Dar. Wasuluhishi ni wawili kila kikao, mwanamke na mwanamume, mmoja mwanasheria, mwingine wa ustawi wa jamii, na wote wanaongea Kiswahili na Kiingereza. Hilo si pambo. "Mtoto atakaa kwa bibi": mzazi mmoja alielewa wiki mbili za likizo, mwenzake akaelewa kuhamia.

Kabla ya yote wanaongea na kila mzazi peke yake, kama saa moja, wakipima kama kuna vipigo au vitisho. Wakiviona, kikao cha pamoja hakiitishwi. Kisha vikao vitatu vya saa mbili mbili.

Mwaliko wa kwanza uliandikwa "saa 4": London wakasoma alasiri, Dar tulikuwa tayari asubuhi. Dai waandike 10:00 na jina la mji. Mwishoni mwa Machi na Oktoba saa za London hubadilika, pengo kati yake na Dar likawa la masaa mawili au matatu.

Nyota niliyoikata ni ya rasimu ya makubaliano. Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980, ule wa kurudisha watoto waliochukuliwa au kuzuiwa nchi nyingine, kwa hiyo mtoto akizuiwa Dar baada ya likizo huwezi kumdai arudishwe kwa njia ya mkataba huo. Kinachobaki ni amri pacha: makubaliano yaleyale yaingizwe mahakamani Uingereza na katika mahakama ya watoto huku, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kabla tiketi haijakatwa. Rasimu waliyotuletea ilisema tu "mtoto atatembelea Tanzania wakati wa likizo". Niliirudisha mara mbili hadi ikataja makazi ya kawaida ya mtoto (nchi anakoishi siku zote), tarehe ya kurudi, mlipa tiketi, anayeshika pasi ya kusafiria mtoto akiwa Dar, na siku za kupigiana video.

Wanaotaka talaka wasichanganye mambo: karatasi ya wasuluhishi hawa si cheti cha baraza la usuluhishi la ndoa kinachotakiwa na kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Msamaha wa kutohitaji cheti hicho upo iwapo mwenzako anaishi nje na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6.

Tafsiri ya hati wanaitoza pembeni. Ulizia bei kabla ya kikao cha kwanza.