Taa za mchana kwenye SUV ya familia: angalia kisanduku kabla ya taa

Nianze na jibu ili mwenye haraka asisumbuke: taa za mchana (zile za mbele zinazowaka mchana ili gari lionekane) nilizofungisha kwenye SUV yetu zinafaa, nimezipenda, na sina mpango wa kuzitoa. Ila kilichotupa kazi mimi na fundi si taa zenyewe. Ni kile kisanduku kidogo cheusi kinachokuja nazo ndani ya boksi, ambacho wauzaji hukitaja mwisho kabisa au hawakitaji. Taa mbili za LED karibu kila mtu anaweza kuzitengeneza zikawaka. Zijue saa ya kuwaka na saa ya kuzima, hapo ndipo seti moja inapoachana na nyingine.

Gari letu ni la kijivu iliyokolea, rangi moja na lami. Watu hudhani SUV kwa kuwa ni kubwa basi itaonekana tu. Ukubwa hausaidii kitu kama gari limefanana na kilicho nyuma yake. Kwenye barabara yenye kivuli cha miti, likija kwa mbali, kinachoonekana kwanza ni kioo cha mbele kikimeta, tena kwa kubahatisha. Na jua likiwa chini, asubuhi au jioni, anayetazama upande wa jua anaona giza tupu linalosogea. Mwenzangu hulitumia kupeleka watoto saa hizohizo, ndiyo maana nikalivalia njuga jambo hili.

Mtu atauliza: si uwashe taa kubwa tu mchana kutwa? Tumefanya hivyo kwa muda, na kuna nchi zilianza hivyohivyo. Uswidi ililazimisha magari kuwasha taa mchana tangu 1977. Kanada ilidai magari mapya yaje na taa za mchana kuanzia Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2011 kwa aina mpya za magari madogo. Shida ya taa kubwa ni kwamba balbu ya kawaida ya halojeni inakula wati 55, na ziko mbili. Ukiziwasha unawasha pia za nyuma, za kibao cha namba na za dashibodi. Kwetu kuna kero ya ziada: skrini ya redio hufifia ikidhani ni usiku, na kwenye jua huoni hata kamera ya nyuma. Hizi LED zangu hazifiki wati 10 kila moja. Sitasema nimeokoa mafuta, maana sijaona tofauti kwenye geji, lakini balbu za mbele sasa zinatumika usiku, kazi zilizoletwa kuifanya.

Kuhusu kuchagua, usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Ukiona wameandika wati mia na “mwanga mkali kuliko zote”, weka chini. Kanuni namba 87 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inataka taa ya mchana iwe nyeupe, na mwanga wake usipungue kandela 400 (kipimo cha ukali wa mwanga) wala usizidi 1,200. Yaani kuna kiwango cha juu pia. Taa hii haikuwekwa ikumulikie njia. Kazi yake ni kukufanya uonekane, na ikizidi inamuumiza macho anayekuja mbele yako. Kuna alama mbili za kutafuta kwenye lenzi: herufi E iliyo ndani ya duara pamoja na namba, yaani imeidhinishwa, na herufi RL, yaani ni taa ya mchana. Kwenye taa zangu zimetokeza kwenye plastiki yenyewe, ndogo, mpaka uinamishe taa kwenye mwanga ndiyo uzione. Nilipoomba kuoneshwa seti ya bei ya chini iliyokuwa pembeni yake, alama zote mbili zilikuwa zimechapwa kwenye boksi, kwenye taa hakuna kitu. Sikuuliza zaidi.

Mahali pa kuzifunga hapakuleta ubishi mkubwa. Toleo letu halikuja na taa za ukungu, kwa hiyo chini ya bampa kuna vifuniko viwili vya plastiki mahali zingekaa. Fundi alitaka kuzibandika kwenye grili, akisema zitapendeza. Zingependeza kweli, lakini zingekaribiana mno na kuziba upepo wa rejeta. Kanuni za ufungaji zinataka ziachane angalau milimita 600, na urefu kutoka chini uwe kati ya milimita 250 na 1,500. Pale kwenye vifuniko tulikuwa ndani ya vipimo vyote bila kujikaza. Tukakata vifuniko, taa zikashikwa na mabano ya chuma kwa nyuma, skrubu mbili kila upande. Gundi ya pande mbili iliyokuja kwenye boksi tuliitumia kama nyongeza tu. Bampa inapigwa na joto, matope na mtikisiko kila siku, nami siwezi kuiachia gundi peke yake kazi hiyo. Kama gari lako lina sensa za kuegesha kwenye bampa ya mbele, au rada nyuma ya nembo, hakikisha taa na nyaya hazikai mbele yake.

Sasa kisanduku. Kiko cha aina mbili, na hili laiti ningeandikiwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Aina ya kwanza unaifunga moja kwa moja kwenye betri, chanya na hasi, basi. Haina waya wa ufunguo. Inachofanya ni kusikiliza volti za betri. Betri nzima iliyotulia husoma kama 12.6, na injini ikiwaka altaneta, mashine inayochaji betri, hupandisha mpaka 14 na kidogo. Kisanduku kikiona volti zimevuka 13 hivi, kinajua injini inaunguruma, kinawasha taa. Zikishuka, kinazima. Ni ujanja mzuri, unafunga kwa dakika chache bila kugusa chochote kingine.

Ujanja huo ulikuwa mzuri kwa altaneta za zamani. Magari mengi ya sasa yana altaneta inayoongozwa na kompyuta: betri ikishajaa, inapunguza kuchaji ili injini isibebeshwe mzigo bure, halafu ukiachia mafuta au ukifunga breki inapandisha tena. Seti yangu ilikuja na kisanduku cha aina hii, na kitabu chake kinasema kinafaa kwa magari yote. Pale gereji kila kitu kiliwaka vizuri. Barabarani ndipo vituko vilipoanza. Nikikanyaga mafuta taa zinazima, nikiachia zinawaka, na madereva wanaokuja mbele wakawa wananipigia taa kunijibu, wakidhani nawaonya kuna askari.

Tulirudi kwa fundi. Akafungua boneti, akaweka ncha za multimita kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa imeachwa inaunguruma. 14.3. Tukasubiri. Baada ya muda namba zikaanza kuteremka zenyewe: 13.6, 13.1, halafu 12.8, na hapohapo taa zikazima mbele ya macho yetu, injini inaendelea kama kawaida. Fundi akaniangalia. “Betri yako haina shida, bosi, wala altaneta. Hiki ndicho kinachodanganyika.” Akawasha feni na kupasha kioo cha nyuma, volti zikapanda, taa zikarudi. Ubishi ukaishia pale.

Aina ya pili ya kisanduku ina waya wa ziada wa kwenda kwenye umeme unaowaka na ufunguo. Muuzaji alikubali kubadilisha kwa kuongeza kidogo, ingawa alisisitiza kwamba mimi ndiye wa kwanza kulalamika. Fundi alichukua umeme kwenye boksi la fyuzi kwa kutumia kishikio cha kugawia: unachomoa fyuzi iliyopo, unachomeka kishikio, kinabeba fyuzi ile ya mwanzo na nyingine ya laini mpya. Taa mbili za wati 10 kwenye volti 12 hazifiki ampea 2, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha na kubaki. Mwambie fundi wako achague laini ya kitu cha kawaida. Laini ya mifuko ya hewa au ya breki za ABS isiguswe kabisa, hata kama ndiyo iliyo karibu. Na kama anakata waya wa gari na kuuzungushia tepu, mwambie aache. Kishikio kile unakichomoa siku ya kuuza gari na hakuna anayejua kilikuwepo.

Tangu hapo taa zinawaka nikiwasha gari na kuzima nikizima. Mpaka nimezisahau, na hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kuzipa.

Kuna waya mwingine ambao mafundi wengi huuacha unaning’inia: ule wa kwenda kwenye taa ndogo. Usiuache. Ndio unaoiambia seti kwamba sasa ni usiku. Yangu ilikuja imepangwa kufifia mpaka nusu taa ndogo zikiwaka, lakini nusu hiyo kwenye lami iliyolowa bado ilikuwa inarudisha mng’ao. Ndani ya kisanduku kuna swichi ndogo ya kuchagua kufifia au kuzima kabisa, nasi tukachagua kuzima. Hata kanuni zinataka taa ya mchana izime taa kubwa zikiwashwa. Anayetaka ifanye kazi ya taa ndogo pia, atafute yenye alama ya A pamoja na RL.

Jambo moja linanitia wasiwasi kwa familia yenye madereva zaidi ya mmoja. Taa hizi ni za mbele tu. Nyuma hakuna kinachowaka. Jioni ikianza kuingia, dereva anaona mwanga mbele ya bampa, dashibodi ya kisasa inang’aa muda wote, anajiona amewasha taa kumbe kwa nyuma gari ni giza. Kama gari lako lina sensa ya kuwasha taa lenyewe, weka swichi kwenye “otomatiki” na uiache hapo. Letu halina, kwa hiyo tumekubaliana nyumbani kwamba ukishaanza kuwaza kama uwashe taa, washa. Kwenye mvua vilevile, maana wa nyuma yako haoni taa za mchana hata ziwe nzuri vipi.

Redioni ulitokea mkwaruzo kwenye masafa ya FM, hasa stesheni za mbali. LED huendeshwa na saketi inayowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, na iliyotengenezwa kwa kubana matumizi huvujisha kelele. Fundi alisogeza nyaya mbali na waya wa antena na kuvisha kiringi cha feraiti, cha kuzuia kelele hizo, karibu na kisanduku. Mkwaruzo umebaki kidogo sana kwenye stesheni moja, ambayo kwa bahati hakuna anayeisikiliza isipokuwa mimi.

Upande wa maji, zimeandikwa IP67. Maana yake ni kwamba vumbi halipenyi, na zinaweza kuzama kwenye kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mpira wa maji wenye presha wa sehemu za kuosha magari ni kipimo kingine kabisa. Taa ya kushoto iliingiwa na mvuke ndani ya lenzi baada ya kuoshwa hivyo, muosha gari akiwa ameelekeza mkuki wa maji palepale kwenye maungio. Ilibadilishwa chini ya dhamana bila maneno mengi. Sasa tunawaambia waosha magari wasimame mbali kidogo na bampa.

Je, zimesaidia? Siwezi kupima ajali ambazo hazijatokea. Ninachokiona ni kwamba magari yanayotoka barabara za pembeni yanasubiri, ambapo zamani yalikuwa yananichungulia na kujitokeza nusu. Pikipiki pia. Na watoto wanalitambua gari kwa mbali wakiwa getini, wanaanza kubeba mabegi kabla sijafika, jambo ambalo mlinzi wa shule amelipenda kuliko sisi.

Zile seti zenye mkanda wa njano unaokimbia kama indiketa nilizikataa. Indiketa zetu ziko juu kwenye taa kubwa, hazizibwi na kitu. Kama za kwako ziko bega kwa bega na mahali pa taa ya mchana, hapo tafuta seti inayofifia upande unaokata kona, vinginevyo weupe utaumeza ule unjano.

Kabla hujanunua chochote, muulize fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari kama la kwako halina taa hizi tayari. Baadhi ya magari huuzwa nchi fulani yakiwa nazo, ila zimezimwa kwenye programu tu. Shemeji yangu alikuja kuangalia za kwangu akiwa tayari kuagiza seti kama hii. Fundi yuleyule akachomeka mashine chini ya usukani wa gari lake, akabadilisha mpangilio mmoja, na taa zikawaka bila kununua hata waya. Alilipia muda wa fundi tu, akaondoka ananicheka.