Mohenjo Daro: jiji zima la maajabu, tukaletewa steringi na adui

Ukimtajia mpenzi wa filamu za Kihindi mwongozaji Ashutosh Gowariker, mwigizaji Hrithik Roshan na mtunzi wa muziki A.R. Rahman kwa pamoja, atajua unazungumzia Jodhaa Akbar ya mwaka 2008. Ni filamu ya zaidi ya saa tatu, na hapa Tanga nimeona watu wakiitazama mpaka mwisho bila kuinuka. Niliposikia kwamba watatu hao wanarudi, tena na hadithi ya jiji la Mohenjo Daro, nilisubiri kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa picha lolote. Ilitoka Agosti 2016. Majuzi nimeirudia, nikidhani labda mara ya kwanza hasira ilinizuia kuona mazuri yake. Mazuri yapo, ila nilichokifuata sikukipata safari hii pia.

Mimi ni fundi bomba, na jiji hilo nimelipenda tangu nilipokuwa najifunza ufundi, kwa sababu ya maji yake. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, katika bonde la mto Indus, mahali ambapo leo ni Sindh nchini Pakistan, watu walijenga jiji la matofali ya kuchoma ambalo nyumba zake nyingi zilikuwa na bafu. Sakafu ya bafu ililazwa kwa mteremko, maji yakatoka kwenye tundu la ukutani na kuingia katika mtaro wa matofali uliofuata mtaa na kufunikwa juu. Njiani waliacha mashimo ya kunasa taka ili mtaro usizibe, kazi ileile ambayo sisi tunaipa chemba. Matofali yalikuwa na kipimo kimoja: upana mara mbili ya unene, na urefu mara mbili ya upana. Visima vyake wataalamu wanavikadiria kuwa 700 hivi. Bwawa lao kubwa la kuogea, lenye urefu wa mita 12 hivi, walilizungushia lami ya asili lisivuje.

Sasa kinachonishangaza kuliko vyote ni hiki: tangu wachimbaji waanze kazi pale miaka ya 1920, halijapatikana jumba linalokubalika na wote kuwa ni la mfalme, wala kaburi la kifalme. Silaha na picha za vita ni chache mno. Jiji la makumi ya maelfu ya watu liliendeshwaje? Nani aliwaamrisha watu kuzibua mitaro? Tofali lisilo na kipimo alilikataa nani? Mtu akinipa saa mbili na nusu za Hrithik Roshan ndani ya maswali hayo, nalipa kiingilio mara mbili.

Gowariker alichagua njia nyingine. Hrithik ni Sarman, mkulima wa nili, mmea wa kutengenezea rangi ya buluu, kutoka kijiji cha Amri, na tunamkuta anapambana na mamba mtoni, mamba wa kompyuta ambaye hata mtoto anamtambua. Anakwenda mjini kuuza nili. Huko anatawala Maham, yaani Kabir Bedi na kilemba chake cha pembe, dhalimu anayewaongezea watu kodi. Sarman anampenda Chaani, binti wa kuhani, ambaye ameshachumbiwa na Moonja, mtoto wa Maham. Aliyekulia kwenye filamu za Kihindi hapo anajua yote yaliyobaki: nani baba yake steringi, nani alimsaliti baba huyo, na nani atalipa. Kodi ya kuonea wanyonge tulikwisha kuiona kwenye Lagaan, filamu ya Gowariker huyuhuyu ya mwaka 2001, na kule ilikuwa na uzito kwa sababu tuliwajua wanakijiji mmoja mmoja. Hapa watu wa mjini ni umati wa kushangilia na kulia.

Iliyoniuma zaidi ni sehemu ya uwanja wa mapigano. Sarman anaingizwa katikati kupigana na majitu mawili yanayokula nyama za watu, na jiji zima limekaa kuzunguka linapiga kelele. Uwanja wa Kirumi, katika hadithi inayosemwa ni ya mwaka 2016 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 2,000 kabla Warumi hawajajenga ule wao maarufu! Katika majiji yote ya kale duniani, hili ndilo lilikuwa na sababu ndogo kabisa ya kuonyeshwa hivyo.

Hata muhuri wameutumia vibaya. Mihuri ya bonde la Indus ni vijiwe vya mraba, vingi vya sentimita mbili tatu tu, mara nyingi vimechongwa mnyama mwenye pembe moja, na juu yake mstari wa alama ambazo mpaka leo hakuna aliyezisoma. Wafanyabiashara waliitumia kugandamiza alama kwenye udongo wa kufungia mizigo, na baadhi imekutwa mbali, huko Mesopotamia. Kwenye filamu Sarman anapewa muhuri wa namna hiyo kabla ya kusafiri. Nilisogea mbele kwenye kiti, nikajua sasa tunaingia kwenye biashara, mizani na majahazi. Kumbe ni kidokezo cha asili yake, cha kumtambulisha mtoto aliyepotea.

Na Chaani? Pooja Hegde anajitahidi, lakini wamemvika mapambo ya manyoya na maua kichwani ambayo yanafanya macho yahame usoni pake. Pale Mohenjo Daro ilipatikana sanamu ndogo ya shaba ya msichana, haifiki hata sentimita 11. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umejaa bangili kutoka karibu na kiganja hadi begani, kidevu juu, anatazama kama mtu asiyemwogopa yeyote. Huyo nilimtafuta kwenye filamu nzima nikamkosa.

Haki yao niwape. Mwanzoni watu wanaongea lugha ya kubuni, kisha kamera inasogea mpaka midomoni na maneno yanageuka Kihindi. Ni ubunifu wa hali ya juu, na unaliheshimu jambo la kwamba lugha yao haijulikani. Seti waliijenga Bhuj, Kutch, upande walikopigia Lagaan, ambako ndiko walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa pwani yetu. Kutch hiyohiyo ina Dholavira, jiji jingine la watu walewale, lenye mabwawa makubwa ya kuhifadhi maji ya mvua. Gowariker alikuwa na hazina hiyo mlango wa pili.

Mwishoni ndipo maji yanapofika. Maham aliuziba mto Sindhu, ndio huo Indus, kwa tamaa ya dhahabu, mvua inakuja, na bwawa halitahimili. Boti zinafungwa pamoja kwa kamba ziwe daraja ili watu wavuke. Hapo nilikaa wima. Unaona mikono ya watu inafanya kazi na unaona hatari inavyopanda. Lakini wanalikimbiza jambo lenyewe, na mafuriko yana sura ya kompyuta ileile ya mamba.

Kwenye Jodhaa Akbar kuna mahali Jodhaa, mke wa Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala India, anapika mwenyewe, analazimishwa kuonja chakula mbele ya watu kwa kushukiwa sumu, kisha Akbar anaomba apakuliwe kwenye sahani ileile aliyoonjea. Sahani moja tu, na dola nzima ya Wamughal ikaeleweka. Gowariker anajua kufanya hivyo, Hrithik anajua kutazama na kunyamaza, na ndiyo maana siwezi kuwasamehe haraka kwa hili.

Atakayeitazama, atafute televisheni kubwa yenye sauti nzuri kwa ajili ya ngoma za Rahman, na watoto wadogo watolewe wakati wa yale majitu mawili. Nyota mbili kati ya tano: moja ya Rahman, moja ya mafundi waliopanga matofali kule Bhuj.