Meza ya mninga ya Keko, viti sita: miezi saba baadaye

Nimekaa na hii meza miezi saba sasa kwahiyo naona nina haki ya kuisema, sio kama wale wanaopiga picha kitu siku ya kwanza nailoni haijatoka wanaandika "bonge la mzigo" alaf wiki ya pili mguu umeng'oka hawarudi kutuambia.

Ni meza ya kulia chakula, mninga mtupu, futi sita kwa tatu na nusu, viti sita, nimechongesha Keko hapa Dar kwa fundi ambae simtaji manake nina ugomvi nae mdogo nitaueleza huko mbele. Alianzia milioni 1 na laki 8, tukavutana pale mpaka jua likanichoma tukamalizana milioni 1 na laki 4, nusu nikatanguliza, nusu siku ya kuchukua. Kirikuu kutoka Keko mpaka kwetu Kinyerezi elfu 45 na vijana wawili wa kubeba humohumo.

Sasa kwanini meza. Kwetu sebuleni kulikua na makochi na kistuli kimoja, mtu anakula sahani ipo mapajani. Baba watoto kazi yake iko Posta, anatoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni na kurudi ni saa 2 usiku akiwahi, manake barabara ya Nyerere toka waanze kujenga njia ya mwendokasi ya Gongo la Mboto mnaijua wenyewe. Watoto basi la skuli linawapitia saa 11 na nusu, giza totoro, yule wa darasa la kwanza anasinzia kwenye siti hata basi halijageuza. Mi nafunga duka saa 12, nafika saa 1. Kwahiyo dada wa kazi anapika, kila mtu anajipakulia kwa wakati wake, huyu na katuni, huyu na simu, baba na taarifa ya habari, na kuna wiki zilipita baba na huyo mdogo wanaonana mmoja wao akiwa kalala. Na wala hatujagombana, nyumba ina amani kabisa, ndo kitu kilichokua kinanitisha, amani ya gesti, kila mtu na chumba chake.

Kilichonitoa ni gesi. Mtungi wa kilo 15 ulikua unaisha haraka nikaanza kumshuku dada wa watu anachemsha vya kuuza. Siku moja ye yupo likizo kwao nikakaa jikoni mwenyewe, nikaona sufuria ileile ya maharage imepashwa moto mara nne usiku mmoja, mara nne, kwa watu watano wa nyumba moja. Nilimuomba msamaha kimoyomoyo. Usiku ule nikamwambia mzee nanunua meza, akanijibu meza haipunguzi foleni. Kweli haipunguzi.

Nilianza na Kariakoo. Meza za kioo zipo mpaka za laki 6 na nusu na viti vyake vya leza, zinang'aa kweli, ila jirani yangu alikua nayo, mtoto akaweka sufuria ya uji wa moto kioo kikapasuka kama barafu, sikutaka hata kuigusa. Zile za mbao za kubandika nazo nzuri kwa macho, zikilowa pembeni zinavimba kama andazi. Na kingine, meza nyingi za dukani ni za viti vinne. Ukiangalia sensa ya 2022 wastani wa kaya Tanzania ni watu 4.3, kwahiyo hao wauzaji wala hawajakosea mahesabu, ila hiyo pointi tatu kwetu ndo ina makelele yote.

Keko nikaenda bila kujua mbao na sishauri mtu aende hivo. Wanaokuita ni wengi, kila mmoja "mama mninga huu hapa" na mwingine anakupakia rangi ya mninga juu ya mbao nyeupe, ukichora kwa ukucha kwa chini unaona weupe. Fundi wangu nilimpenda kwa sababu alinionyesha mbao haijapigwa kitu, akairandia pale mbele yangu ikatoka ule wekundu wa kahawia wenye michirizi, akaniambia mti wenyewe ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu, na kwamba mninga ukikauka sawasawa hautembei, yani hauvimbi sana wala haupindi, ndo maana wazee walikua wanachongea milango. Vumbi lake tu ndo balaa, nilipiga chafya mpaka Chang'ombe. Alitaka kunipeleka kwenye mkongo, mgumu zaidi na mzito zaidi, nikaona hiyo meza siku ya kudeki nani ataisogeza.

Ugomvi wetu sasa. Aliniambia wiki mbili. Ikaenda wiki tano. Nikipiga simu "mama iko kwenye msasa", wiki inayofuata "mama iko kwenye msasa", nikaenda bila taarifa nikakuta miguu minne imeegeshwa ukutani na kuku wa mtu kalala juu yake. Sikusema neno, nilivuta ndoo nikakaa pale kuanzia saa 4 asubuhi mpaka adhuhuri, na hiyo ndo siku kazi ilienda. Kwahiyo ushauri wangu, hela ya mwisho usitoe kwa simu, na nenda ukakae.

Ubora wenyewe naupa pongezi. Miguu imeingia kwenye fremu kwa tundu na gundi, sio misumari, haichezi. Harufu ya vanishi ilituumiza kichwa siku kumi tukawa tunakula madirisha wazi na mbu wote wa Kinyerezi wamealikwa. Kiti kimoja kinalia, kile cha karibu na friji, ukikikalia kinasema "nyeee", watoto wanakigombania makusudi. Na kuna duara jeupe la sufuria ya pilau ambalo nimelifanya mimi mwenyewe siku ya kwanza baada ya kuwahubiria watu saa nzima wasiweke vya moto bila kitambaa. Nimesugua mafuta ya nazi limefifia, ila lipo, na nikianza kufokea mtu kuhusu meza wananionyesha lile duara kwa kidole.

Pembe ni kali. Ukichongesha mwambie fundi azizungushe, wa kwetu mdogo kashapata nundu mbili.

Ila hivo ni vya mbao, mi nilinunua watu wale pamoja, je wanakula pamoja? Wiki mbili za kwanza hapana jamani. Meza ikawa ya kuwekea funguo, madaftari, nguo za kunyoosha, kuna siku nilikuta mkungu wa ndizi umekaa pale kama mgeni rasmi. Tulikaa mi na mzee tukaongea kama watu wa biashara. Ye akakubali siku tatu za wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anatoka kazini saa kumi na moja kamili hata bosi awe anaongea. Watoto wakaongezewa maandazi jioni ili njaa isiwaue mpaka saa 2 na robo. Simu zote kwenye kapu la matunda juu ya friji, na ya baba yao pia, na siku ya kwanza iliyoita ilikua ya nani, ya baba, na mkubwa akamwambia "baba kapu" kwa sauti ileile ninayotumia mimi kumfokea. Nilicheka mpaka ugali ukaniingia puani.

Na sio kwamba tunaongea mambo makubwa. Mara nyingi ni nani kala finyango kubwa. Ila kuna kitu nimekiona kwenye meza ambacho kwenye kochi usingekiona, kwenye kochi wote mnatazama upande mmoja, mnatazama tivii, na kwenye meza huna pa kutazama ila uso wa mtu.

Wa kati ana miaka 11. Tulizoea huyu mtoto anakaa karibu na tivii, tunamfokea rudi nyuma utaharibu macho, anarudi, dakika mbili kasogea tena, tukasema huyu mtoto mkaidi tu na mpenda katuni. Mezani yeye kiti chake kinatazama ukuta wenye saa. Jumatano moja baba yake akamuuliza hebu saa ngapi hapo, kama utani tu, anataka kujua kama anajua saa ya mishale. Mtoto akakunja macho, akainama mbele mpaka kifua kimegusa sahani, akasema "saa mbili". Ilikua saa 3 kasoro kumi. Baba yake akamwambia soma vizuri, akanyamaza, alaf akasema taratibu anatazama dagaa zake, "siioni mishale". Meza nzima ikawa kimya. Mzee akanyanyuka akachukua chupa ya tomato kutoka upande wake akaisogeza polepole, mtoto anasoma maandishi ikifika karibu na mkono wake. Tulivyomuuliza ubaoni unaonaje, akasema anamuangaliziaga mwenzie wa pembeni, na mwalimu kashamchapa kwa kuibia.

Jumatatu tukampeleka kupimwa macho, kavaa miwani sasa, siku ya kwanza alisimama nje anatuhesabia majani ya muembe wa jirani. Mi hapo niliingia bafuni nikafungulia maji. Mwaka mzima tunamfokea mtoto, tunalala nae nyumba moja.

Wiki ile mzee alianza kurudi saa 2 na Alhamisi pia, hatukuongea kitu.

Mama mkwe alikuja mwezi wa tatu wa meza kutoka Pangani. Akaizunguka, akaipiga piga kwa vifundo vya vidole, akasema "mninga huu" kisha akaniuliza bei, nikapunguza laki 5 na bado akashika kichwa. Akasema "mwanangu, milioni kasoro mmekaa mbalimbali hivi kila mtu na sahani yake, sie sinia moja na mkeka, watu tisa." Akanielezea walivyokua wanafundishwa, unanawa kwa zamu mdogo anamshikia mkubwa birika, Bismillahi, unakula cha mbele yako hupeleki mkono kwa mwenzio, nyama inakaa katikati haiguswi mpaka mkubwa aigawe, na aliyeshiba hanyanyuki kwanza. Nikaona mama anasema kweli, kila nilichonunua Keko alikua nacho kwenye mkeka wa ukindu. Sasa Ijumaa meza tunaisukuma ukutani, tunatandika mkeka, wali wa nazi na samaki kwenye sinia, na wanaolalamika miguu kufa ganzi ni mimi na mwanae.

Kwahiyo kama huna hela ya meza mkeka upo, usiniambie rivyu yangu imekukopesha. Kilichotusaidia ni saa 2 na robo ile, ila kiukweli bila hayo madude mazito kukaa katikati ya sebule yakitudai hela yake sidhani kama tungeikumbuka hiyo saa. Milioni 1 na laki 4 inauma, lazima uitumie. Na gesi, kwa wanaopenda mahesabu, mtungi unakwenda wiki tatu zaidi ya zamani.

Nyota nne. Ningetoa tano, ila kuna kosa na kosa ni langu sio la fundi. Alivyoniuliza viti vingapi mi nikahesabu haraka, mi, mzee, watoto watatu, watano, nikasema sita, cha sita cha mgeni. Dada sikumuhesabu. Amekaa kwangu miaka minne, ndo anayejua mdogo anapenda ugali mgumu na mkubwa hali bamia, na sikumuhesabu. Tulivyoanza kukaa mezani akawa anapakua anarudi kula jikoni kwenye kigoda chake, mpaka mdogo akauliza mbona dada hali na sisi, kile kiti si kipo. Ilichukua siku kadhaa, anakaa upande upande kama mtu anayesubiri kuitwa, mpaka akazoea, saa hivi ye ndo msimuliaji mkuu, visa vya kwao Kilosa watoto hawalali. Alaf bibi akaja, viti sita, watu saba. Hakuna aliyemwambia anyanyuke. Alichukua tu sahani yake akaenda jikoni, na kigoda kile nikakisikia kikiburutwa.

Nimeenda Keko, fundi yuleyule, kiti kimoja cha saba elfu 95, kilekile cha mninga na rangi ileile. Kasema Alhamisi. Hajasema Alhamisi ya lini, kesho naenda na ndoo yangu.