Bahari Utaipata Popote, Uliza Kwanza Mfereji: Mji Gani wa Pwani Uhamie Ukija Mombasa

Dada yangu amekaa Hamburg miaka kumi na minane. Mume wake alipostaafu, akanipigia simu: wanarudi, wanataka kuishi Pwani. "Tutafutie nyumba karibu na bahari," akasema. Nikamwuliza, bahari ya wapi? Akacheka akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Toka Diani mpaka Malindi bahari ni moja, na kila mwenye nyumba atakuambia yake ndiyo iliyo karibu nayo. Ukishahamia, utakachokiona kila siku si mawimbi. Ni maji ya aina mbili: yale unayolazimika kuyavuka ili ufike hospitali au uwanja wa ndege, na yale yanayotoka, au yasiyotoka, kwenye mfereji wako wa jikoni. Kwa mizani hiyo ndiyo nimeipanga miji hapa chini, kwa ajili ya mgeni anayekuja kukaa, awe Mzungu, Mtanzania, au mtoto wa nyumbani aliyepotelea ughaibuni.

Kabla ya orodha, saa ya kwenda kutazama. Mwaka 2016 nilikodi fleti Bamburi, ghorofa ya pili, roshani inatazama baharini. Dalali alinipeleka saa kumi alasiri, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Maji yamejaa mpaka ukutani, watoto wanajirusha kutoka kwenye ngazi. Nikalipa kodi na dipositi siku hiyohiyo. Asubuhi ya kwanza, saa nne, nafungua mlango wa roshani: bahari haipo. Imekupwa mpaka mwambani, na mbele yangu ni uwanja wa mawe na mwani, na kina mama wawili wenye vijiti wakitafuta pweza. Hiyo ndiyo bamvua ya kwetu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri na hukupwa asubuhi, na kati ya kujaa na kukupwa ni kama mita nne. Dalali alijua alichokuwa akifanya. Lakini simlaumu sana. Mimi mtoto wa Mombasa ndiye niliyepaswa kukumbuka kutazama mwezi.

Fleti hiyohiyo ilikuwa na kisima. Maji yake ukiyapikia chai, sukari haikusaidii. Sabuni haitoi povu, vyombo vinabaki na ukungu mweupe, na hita ya kuogea ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Maji ya kunywa nikawa nanunua kwa mtungi wa lita ishirini, kwa kijana wa mkokoteni aliyekuwa akipita akiimba "maji matamu, maji matamu". Akikosekana siku mbili, nyumba nzima inamuulizia kama jamaa aliyesafiri.

Sababu inajulikana. Mombasa haina mto wake. Maji matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakipungua huko, mfereji wako unakohoa hewa. Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba, mwache dalali azungumze na mwenzako huko sebuleni, wewe nenda kwa askari wa getini. Mwulize maji ya mfereji yanakuja siku ngapi kwa wiki, tangi ni la lita ngapi, na boza la maji liliitwa lini mara ya mwisho. Kisha fungua bomba, onja. Na rudi mara ya pili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa.

1. Nyali, pamoja na Bamburi na Shanzu

Sipendi kuiweka Nyali juu, maana imejaa kuta ndefu na kodi zake hazina haya. Lakini ukiugua saa nane usiku hutahitaji kuvuka chochote, maana hospitali zipo upande huohuo, na zile kubwa za kisiwani, Aga Khan na Pandya, zipo ng'ambo ya daraja tu. Sokoni ni Kongowea, na kwa anayetaka hewa ya baridi na mkate wa ngano nzima kuna City Mall. Kasoro yake ni daraja lenyewe. Saa kumi na moja jioni foleni ya Buxton inakufundisha subira, na kwenda uwanja wa ndege wa Moi ni kukikata kisiwa chote, uingilie daraja la Nyali utokee Makupa. Ndege ya saa mbili usiku, ondoka mapema kuliko unavyodhani.

Bamburi na Shanzu ni nafuu zaidi kadiri unavyosonga kaskazini. Ukitafuta Bamburi, usikae jirani na ufukwe wa Pirates kama unapenda utulivu. Siku ya Idi Mombasa yote iko pale, na ngamia.

2. Diani

Miaka michache nyuma ningeiweka ya nne. Wengi wetu tuna kisa cha Likoni, kivuko cha kwenda Diani: gari liko kwenye foleni, jua kali, na feri mnaiona iko ng'ambo haitaki kurudi. Waendao kwa miguu huvuka bure, wenye magari hulipa, na wote hungoja. Barabara ya Dongo Kundu imebadilisha hesabu. Sasa unatoka Diani unaingia Miritini bila kugusa feri, na uwanja wa ndege na stesheni ya reli ya SGR viko upande huohuo unaotokea. Kuna pia uwanja mdogo wa ndege Ukunda wenye safari za Nairobi.

Ufukwe wake ndio mzuri kuliko wote, sitabishana na mtu. Angalia vitu viwili. Nyumba nyingi zinategemea visima, na ardhi ya pale ni jiwe la matumbawe, linapitisha maji kama sifongo. Uliza shimo la choo liko umbali gani na kisima, la kwako na la jirani. Pili, kima. Mbega weusi kwa weupe hawana shida, wanakula majani yao juu mtini. Kima ndio wanaofungua dirisha la jikoni. Dada yangu alidhani natia chumvi mpaka mmoja alipoingia hotelini kwao, akachagua papai, akaacha ndizi zilizoiva kupita kiasi.

3. Kilifi

Kilomita kama 60 kutoka Mombasa. Hadi 1991 hapa nako palikuwa na feri. Sasa kuna daraja, na chini yake mkono wa bahari wenye maji ya kina. Hili wengi hulisahau: kwenye mkono huo unaogelea hata bahari ya nje ikiwa imekupwa. Maji ya Baricho yanapita njiani kwenda Mombasa, ingawa kupita njiani na kufika kwako ni mambo mawili. Mji ni mdogo, una Chuo Kikuu cha Pwani na hospitali ya kaunti ambayo watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wamefanya nayo kazi tangu 1989. Kwa daktari bingwa bado utateremka Mombasa, na barabara inapitia Mtwapa, kwa hiyo soma namba nne.

4. Mtwapa

Rahisi, karibu, hailali. Ukipenda kula nyama choma saa tisa usiku, utaipenda. Kuna Wazungu wengi wazee na muziki mwingi zaidi yao. Pata nyumba upande wa magofu ya Jumba la Mtwana, mbali na barabara kuu, utapumua.

5. Watamu na Malindi

Watamu ni pazuri sana, hifadhi yake ya bahari ni ya tangu 1968, na ukiwa mtu wa kupiga mbizi puuza mpangilio wangu wote. Malindi ina uwanja wa ndege, hospitali, na Kiitaliano kila kona. Watoto watakuamkia "ciao" kabla ya "shikamoo". Mvua za bara zikinyesha, Sabaki huleta tope na ghuba ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mombasa ni kilomita kama 120. Ukiwa na moyo unaohitaji daktari kila mwezi, hizo ni nyingi.

Kisiwani kwenyewe, Kizingo na Tudor, sijapaweka kwa sababu hakuna ufukwe wa kuogelea. Lakini ukiwa na watoto wa shule na mgongo unaouma, Kizingo patakufaa kuliko vyote hivyo.

Sasa makaratasi. Kodi kwanza, na ukodi ukipitia kusi, yaani kuanzia Aprili. Kila mtu hupenda Pwani wakati wa kaskazi, Januari, upepo mwanana. Kusi likivuma, utajua kama dirisha linavuja na kama chumvi imeshakula vyuma vya grili.

Ukitaka kununua, Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodishwa, kwa muda usiozidi miaka 99. Mtanzania na Mganda nao wamo humo, ujirani hausaidii. Dada yangu aliwahi kuukana uraia wa Kenya kwa sababu Ujerumani haikuruhusu aushike wa pili. Tangu Juni 2024 Ujerumani imeruhusu, kwa hiyo anaomba kurudishiwa wa kwao kabla ya kufikiria ploti. Mume wake asingekuwa na mke anayerudia uraia wa Kenya, angetazama kibali cha daraja K, cha wenye umri wa miaka 35 na zaidi na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, bila kufanya kazi humu.

Na kuna mtego wa kwetu ambao wakili wa Nairobi huenda asikutajie: nyumba bila ardhi. Mombasa mtu anaweza kukuuzia nyumba ya haki kabisa, yake, aliyoijenga babake, lakini kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Uliza swali hilo kwa maneno hayohayo: "Unauza nyumba, au nyumba na ardhi?" Kisha fanya sachi, yaani upekuzi wa hati, kwenye ofisi ya ardhi hata kama aliyekujibu amevaa kanzu nyeupe na ana ndevu za heshima.

Shemeji alisikiliza orodha yangu yote, akanishukuru, akachagua namba tatu. Wamekodi kwa miezi sita, tangi la lita elfu tano, mfereji mara mbili kwa wiki. Juzi ilikuwa bamvua. Saa nne asubuhi, wakati Bamburi watu wanatembea kwa miguu mpaka mwambani, dada akanitumia picha: mumewe yuko chini ya daraja la Kilifi, maji yamemfika shingoni.